Kiwanja Kwanza au Uzamivu Kwanza?

Mhadhiri mpya akiripoti kazini Dodoma, kwenye chai ya saa nne hakuna anayemuuliza utafiti wake unahusu nini. Anaulizwa: "Umeshapata kiwanja?"

Wanaouliza wana sababu zao. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu 410,000 na ushee. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Katikati ya sensa hizo Serikali ilitangaza kuhamia kweli (2016), mamlaka iliyosimamia ustawishaji wa makao makuu tangu 1973 ikavunjwa (2017), na manispaa ikawa jiji (2018). Kila ofisi ina mtu mmoja aliyenunua Iyumbu au Nzuguni kwa bei ya kutupa, na mtu huyo hachoki kusimulia.

Suala la kipi kitangulie, kiwanja au uzamivu, limewagombanisha watu ninaowaheshimu, basi nawapa nafasi waseme. Majina nayaacha. Mzee ni profesa mstaafu anayefundisha kwa mkataba. Mama ni mhadhiri mwandamizi wa takwimu. Dada yuko ofisi ya mishahara. Mwenyeji ni Mgogo wa Ng'ong'ona anayepangisha vyumba kwa wanafunzi. Kijana ni mhadhiri msaidizi, bado yuko kwenye miezi 12 ya majaribio. Tuseme ni Jumamosi, mnada wa Msalato, mbuzi yuko jikoni na hataiva leo wala kesho. Mimi nitaingilia wakiniudhi.

KIJANA: Shikamoo Profesa. Shikamoo Dokta. Msimamo wangu hauna maua. Kiwanja ninachoweza kukilipia leo, nikimaliza uzamivu miaka minne ijayo sitakisogelea. Uzamivu haupandi bei. Chuo kitakuwepo, maktaba itakuwepo, msimamizi atakuwepo.

MZEE: Marahaba. Msimamizi atakuwepo? Msimamizi wako mtarajiwa ni mimi, na mkataba wangu unahuishwa mwaka hadi mwaka kama leseni ya duka. Halafu sikiliza. Kwa muundo wetu wa utumishi, mhadhiri msaidizi hapandi kuwa mhadhiri bila uzamivu. Hakuna mlango wa uani. Unaweza kufundisha vizuri mpaka wanafunzi wakubebe juu juu, bado utaandikwa "msaidizi". Nimewaona waliozeeka nalo hilo neno. Wana nyumba nzuri sana.

KIJANA: Basi si haba, wana nyumba.

MZEE: Cheka. Walter Rodney alichapisha How Europe Underdeveloped Africa mwaka 1972 akifundisha Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 30. Wewe una mingapi?

MAMA: Profesa, hapo umemwonea. Rodney alifika Dar es Salaam na uzamivu wake mkononi, aliupata London mwaka 1966 akiwa na miaka 24. Huyu mtoto ameajiriwa kwa shahada ya umahiri, amepewa somo la watu mia nane, na hajui atalala wapi. Mfano wako unamsaidia yeye kuliko unavyokusaidia wewe.

Mama yuko sahihi, na kuna jambo Mzee amelipita kimya kimya. Wakati chuo cha Mlimani kinahamia kwenye kile kilima cha Dar es Salaam mwaka 1964, nyumba za walimu zilikuwa sehemu ya chuo. Kizazi cha Mzee kilipewa paa pamoja na barua ya ajira. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kilipangwa kufikia wanafunzi 40,000, na chuo cha ukubwa huo hakiwezi kumjengea kila mwalimu. Paa likawa shauri la mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo mzee akimshangaa kijana anayewaza tofali kabla ya tasnifu, ajiulize kwanza yeye aliandikia tasnifu yake nyumba ya nani.

KIJANA: Asante. Na si paa langu tu. Mama yangu yuko Sumbawanga. Nikimwambia nasoma tena, anauliza, "Si ulishamaliza?" Uzamivu haujui. Anajua bati. Nikimtumia picha ya msingi, siku hiyo analala akiamini kwamba yule ng'ombe aliyemuuza ili nisome hakupotea bure. Mnaniambia nimsubirishe mpaka lini?

Hapo Mzee alinyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu la haraka, na bado naona ndiyo hoja nzito kuliko zote alizoleta. Aliyejibu ni Dada, na hakujibu kwa maneno ya hekima.

DADA: Mdogo wangu, tuhesabu. Mshahara wako wa msingi siutaji hapa mbele za watu. Tuchukue milioni moja kwa sababu ni nyepesi kugawa. Ulisoma kwa mkopo wa Bodi?

KIJANA: Ndiyo. Miaka yote mitatu.

DADA: Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: laki moja na nusu. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5: elfu hamsini. Bima ya afya asilimia 3: elfu thelathini. Kodi ya mapato kwa mshahara huo ni kama laki moja na elfu kumi na tano. Jumla imeshafika karibu laki tatu na nusu, na hujanunua hata chumvi. Unabakiwa na laki sita na hamsini hivi. Sasa kanuni inasema mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani laki tatu na thelathini na tatu. Afisa mikopo wa benki anaijua kanuni hiyo kuliko wewe. Anatoa, anaona nafasi iliyobaki ni laki tatu na ishirini, anatabasamu. Atakukopesha mpaka makato yaguse ile theluthi, kwa miaka saba au minane. Hapo ndipo watu wanapokuja dirishani kwangu kuuliza, "Dada, mbona imeingia kidogo?" Haijaingia kidogo. Imeingia ileile uliyoisaini.

KIJANA: Lakini kiwanja si kitakuwa changu?

DADA: Chako, ndiyo. Miezi sita ya kodi baba mwenye nyumba anaitaka mbele, nayo ni yako. Nauli, vocha, michango ya harusi ya watu wa darasa lenu, vyote vyako. Kwa hiyo utafanya nini?

KIJANA: Nitatafuta vipindi.

MAMA: Haya. Tumefika.

Hapa ndipo nilipotaka tufike, maana kiwanja chenyewe sina ugomvi nacho. Dodoma ina vyuo vingi kwa mji wa ukubwa wake: mbali na Chuo Kikuu cha Dodoma kuna St John's, kuna Chuo cha Mipango, kuna tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kuna Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo na vingine. Vingi vina madarasa ya jioni, na jioni zinahitaji walimu wa kulipwa kwa kipindi. Mhadhiri kijana aliyebanwa na makato anaanza na somo moja la kujiokoa. Muhula unaofuata ni mawili. Hakuna anayemkataza, na kwa kweli anafundisha vizuri.

MAMA: Mimi nitasema kama mwalimu wa takwimu. Una darasa la watu mia nane. Mtihani wa mwisho wa muhula ni asilimia 60 ya alama, lazima uusome kwa makini. Kijitabu kimoja nakupa dakika kumi, na hizo ni dakika za mtu asiyekunywa maji. Dakika elfu nane. Saa 133. Ukifanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya wiki tatu za kusahihisha tu. Bado majaribio na kazi za nyumbani, bado anayekuja kulalamika kwamba ameonewa alama mbili, bado anayelia kwa sababu ameshika sapu na anaogopa kudisko. Hiyo ni kazi yako halali. Sasa ongeza madarasa mawili ya jioni kwenye chuo kingine, nayo yana mitihani. Niambie, andiko lako la uzamivu unaliandika saa ngapi?

KIJANA: Usiku.

MAMA: Usiku gani? Mimi niliandika usiku, na sikushauri uniige. Nilipata mtoto wa pili nikiwa katikati ya ukusanyaji wa data. Likizo ya uzazi ni siku 84. Watu waliniambia, "Una bahati, siku 84 za kuandika." Waliosema hivyo walikuwa wanaume, wote. Nilichoandika siku hizo ni orodha ya nepi. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa na deni la benki, kwa hiyo niliweza kusema hapana kwa kipindi cha ziada bila kutetemeka. Wenzangu wawili tulioanza pamoja walikuwa na akili kunishinda. Nyumba zao nazijua, nimekula humo pilau ya Idi.

MZEE: Na uzamivu wao?

MAMA: Profesa, usinilazimishe kusengenya.

Mama ameacha jambo ambalo nadhani vijana hawaambiwi mapema. Mkopo wa kiwanja haulipwi kwa shilingi peke yake. Unalipwa kwa jioni. Na jioni za miaka mitatu ya mwanzo ndizo mhadhiri anazozitumia kuwa mwanataaluma, kwa sababu mchana ni wa darasa, wa kamati, na wa kujaza PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. (Sina neno baya kuhusu PEPMIS. Ina mahali pa kuandika utekelezaji wa kila kitu isipokuwa kufikiri.)

KIJANA: Nauliza swali la kijinga. Kwani ruhusa ya masomo si ipo? Si unaenda masomoni na mshahara unaendelea?

DADA: Ipo. Ila ukiwa masomoni mshahara unaendelea na makato yanaendelea. Yule aliyekuwa anajazia pengo kwa vipindi vya jioni, akipata nafasi ya kwenda nje anagundua hawezi kuondoka, maana akiondoka vipindi vinakufa. Mradi wa HEET, ule wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umesomesha walimu wengi wa vyuo. Kuna ambao fursa ya namna hiyo huwakuta, wanaitazama, wanairudisha.

MZEE: Nimesema mimi.

MAMA: Hukusema hivyo, Profesa. Ulisema Rodney.

Nyama ilifika, na pamoja nayo ndizi za kuchoma na pilipili. Mwenyeji alikuwa kimya muda wote. Yeye ndiye pekee aliyekata kwa kisu chake mwenyewe.

MWENYEJI: Ninyi wasomi mnajadili kiwanja kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni kikiwa na bikoni. Mbukwenyi! Hata salamu hamjajifunza, mnajua bei ya mita ya mraba. Kile unachokiita kiwanja, babu yangu alilima humo uwele. Sijasema usinunue. Nunua, tumezoea. Lakini kijana, wewe umekaa hapa miezi mingapi?

KIJANA: Minane, mzee wangu.

MWENYEJI: Na mwenyekiti wa mtaa unaokaa anakujua?

KIJANA: Hapana.

MWENYEJI: Jirani yako ambaye ukuta wenu ni mmoja?

KIJANA: Namwona asubuhi.

MWENYEJI: Sasa utanunuaje ardhi kwa watu usiowajua? Dalali atakuonyesha pori zuri, atakuonyesha na karatasi. Hiyohiyo amewaonyesha wengine wawili wiki iliyopita. Kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ukae, unywe maji, uulize ardhi hii ilikuwa ya nani na watoto wa mwenyewe wanasemaje. Kisha waone majirani wa pande zote. Kisha ndiyo uende ofisi ya ardhi ya jiji wakuangalizie namba ya kiwanja kwenye kumbukumbu zao. Watu wanaanza na hatua ya tatu, au hawaanzi kabisa, halafu wanakuja kulia kwangu, mimi ambaye ni mwenye nyumba tu. Na wote hao walikuwa wageni wa miezi minane.

MAMA: Kaka, na mambo ya kuishi? Maana huyu akitoka chuoni anaingia chumbani, anafunga mlango.

MWENYEJI: Ndiyo mlivyo. Profesa atanisamehe. Mwalimu wa chuo akihamia mtaani tunamjua kwa gari lake, na siku akihama tunajua kwa lori lililobeba makochi. Mimi nitampa kijana mambo machache, ayafanye asiyafanye. Nunua simtanki kabla ya kochi, maana maji ya Dodoma yana ratiba yake, na mvua tunaiona kuanzia Desemba hadi Aprili, basi. Kula mlenda, usikunje uso. Na ule utani wa ombaomba, mnaokuja nao kutoka Dar es Salaam, uacheni hukohuko. Utani una wenyewe. Msukuma akinitania namjibu na tunacheka, ni mtani wangu tangu enzi za misafara. Wewe wa juzi huna ruhusa hiyo, na wanafunzi wako wengine ni wajukuu zetu. Wanakusikia.

KIJANA: Nimekuelewa, mzee wangu.

MAMA: Ongeza msiba. Mtaani usikose msiba. Harusi chagua, tena chagua kwa ukali, makundi ya WhatsApp ya michango yatakumaliza. Ila msiba nenda, hata bila hela, beba kiti, chota maji, kaa na wanaume wenzako nje usiku mmoja. Kwa usiku huo mmoja utajulikana kuliko kwa miaka mitatu ya kupungia watu mkono ukiwa kwenye gari.

MZEE: Dokta, wewe umetoka kumkatalia usiku wa kuandika, sasa unamgawia usiku wa msiba?

MAMA: Ndiyo. Usiku wa msiba unamrudishia kitu. Usiku wa darasa la tatu la jioni unamrudishia nini? Wiki mbili za malipo yanayochelewa.

Mzee hakukubali, na hapa simwachi apotee hivihivi. Aliniambia baadaye kwamba mtu anayetaka kuandika lazima awe mkorofi kidogo, ajifungie, asemwe vibaya, na kwamba vitabu vingi vimekufa kwa sababu mwandishi alikuwa jirani mwema. Naona ana ukweli wake. Lakini namwona pia yeye mwenyewe: amestaafu, ana machapisho yanayojaza rafu nzima, na Jumamosi asipopata sisi wa kula naye mbuzi anakula peke yake. Hilo sikumwambia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama alilisema akiwa amemgeukia Kijana kabisa, sauti imebadilika, na wengine tuliacha kutafuna.

MAMA: Sasa hili si la kiwanja. Wewe ni kijana, una darasa la mabinti na wavulana uliowazidi umri kwa miaka michache tu. Mwanafunzi akija ofisini, mlango uwe wazi. Kila mara, wa kike na wa kiume. Akitaka kuzungumza alama, muite na kiongozi wa darasa. Namba yako ya simu usiwape ovyo. Matangazo yapite kwa kiongozi wa darasa, na ujumbe wa saa tano usiku ujibiwe kesho asubuhi, ukiwa umevaa viatu. Bumu likichelewa watakuja kukukopa. Usikopeshe. Mwenye shida ya kweli mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, umsindikize. Rushwa ya ngono imetajwa kwa jina kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kuna watu wanaoona ni porojo za semina. Mimi nimekaa kwenye kamati. Binti akieleza alivyoambiwa "njoo tuongee nje ya chuo", hata karani anayeandika anashusha kalamu.

KIJANA: Nimesikia, Dokta.

MAMA: Usisikie tu. Siku ya kwanza muhula ukianza, waambie darasani kwa mdomo wako mwenyewe mlango wako unavyofanya kazi. Mia nane wote wakijua, umejilinda na umewalinda.

Baada ya hapo kurudi kwenye viwanja kulionekana kama utoto, lakini Kijana alirudi. Nilimpenda kwa hilo. Alitaka uamuzi.

KIJANA: Kwa hiyo nisinunue?

Hapo niliingilia, nikajibu mimi. Nunua, nilimwambia, ila kwa fedha isiyozaa vipindi vya jioni. Wapo wanaouza kwa kulipa kidogo kidogo. Kama Mwenyeji akikutembeza na majirani wakathibitisha, lipa taratibu kwa kile kinachobaki, hata kiwe kiwanja kidogo kilicho mbali na lami. Treni ya SGR tangu Julai 2024 imeusogeza mji huu karibu na Dar es Salaam, na lami nayo itafika. Ila usisaini mkopo wa benki kabla hujasajiliwa uzamivu na kujua nani anakulipia ada. Ukishasajiliwa, saini unachotaka, utakuwa umeshajua ni jioni ngapi unaziuza.

MZEE: Huo ni msimamo wangu, umeuvalisha tu.

DADA: Si wako. Wako haukuwa na kiwanja.

KIJANA: Na mama yangu wa Sumbawanga?

MWENYEJI: Mlete. Akae kwangu wiki mbili, vyumba vipo, wanafunzi wako likizo. Mpeleke chuoni akakuone unafundisha hao mia nane. Mimi wangu hakusoma. Siku aliponiona nimesimama mbele ya watu hamsini kwenye mkutano wa mtaa, hakuniuliza tena habari za bati.

KIJANA: Wanafunzi wakiwa likizo nitamfundisha nani, mzee wangu?

MWENYEJI: Basi mlete wakifungua. Utalala sebuleni.

Mzee alikuwa ameshanawa mikono na anatafuta miwani yake mfukoni.

MZEE: Hilo andiko lako unalolisema kila siku, liko wapi?

KIJANA: Kwenye laptopu, Profesa.

MZEE: Lina kurasa ngapi?

KIJANA: Mbili. Na nusu.

MZEE: Jumatatu saa tatu uniletee. Lililochapwa, sisomi kwenye simu. Na hiyo nusu uimalizie kwanza.